Gari Lililolipiwa Fidia Likipatikana, Mwenyewe Nani?

Kwa: Kamishna wa Bima,
Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA)

Yah: UMILIKI WA GARI LILILOIBWA, LIKALIPIWA FIDIA, KISHA LIKAPATIKANA

Ndugu Kamishna,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sikuandikii kudai malipo. Nililipwa, na kampuni iliyonilipa sitaitaja, kwa sababu nina hakika mambo yaliyonikuta yangeweza kunikuta kwa kampuni nyingine yoyote. Nimeandika hadharani kwa vile wenye magari wengi wanadhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba siku ukipokea hundi ya fidia ndiyo siku umeachana na gari. Kwangu haikuwa hivyo. Nililipwa Machi 2023, na hadi leo gari lile linanifuata nyumbani.

Lilikuwa Toyota Noah, namba za njano, nimelinunua mkononi mwa mtu mwaka 2019. Ndilo lililopeleka wanangu shule na mama yangu mzazi kliniki. Mimi ni mwalimu, na kwa mshahara wa mwalimu gari moja ni mradi wa miaka, kwa hiyo sikuwahi kukata bima ndogo. Kila mwaka nilikata bima kubwa. Mara ya mwisho thamani tuliyoandikiana na wakala ilikuwa shilingi 16,000,000. Kwa asilimia 3.5 ada ikawa 560,000, na ukijumlisha VAT ya asilimia 18 inafika 660,800. Nililipa yote kwa mkupuo.

Usiku mmoja wa Agosti 2022 nilikuwa msibani Sinza. Nilipotoka, pale nilipoliegesha nilikuta vipande vya kioo tu. Nikaenda kituoni, nikafungua jalada, nikapewa RB, na asubuhi nikampigia wakala. Kilichofuata ni miezi saba ya kupanda na kushuka ngazi: mpelelezi wa kampuni akahoji hadi jirani zangu, polisi wakaandika barua kwamba gari halijapatikana, kampuni ikakata uchakavu, ikakata na ile sehemu ambayo mteja hujibebea mwenyewe. Ikabaki 13,200,000. Wakati huo Noah ya mwaka kama wa langu ilikuwa ikiuzwa kwa milioni 19. Nilikubali. Niliyaona ni maumivu ya kawaida ya bima.

Naomba nikae kidogo kwenye siku ya malipo, maana tatizo lote lilizaliwa mezani pale. Niliwekewa hati ya kukubali malipo, kurasa mbili za Kiingereza. Nikakabidhi kadi halisi ya gari na funguo mbili, mmoja ukiwa bado na kile kipande cha kitenge alichofunga binti yangu. Kisha ikaletwa hati ya kuhamisha umiliki. Upande wa muuzaji nikaandika jina langu na kutia saini. Upande wa mnunuzi ulikuwa mweupe.

"Dada, hapa kwa mnunuzi mbona hapajaandikwa kitu?"

"Huo ni utaratibu tu, mama. Ofisi itajaza gari likipatikana."

Karani yule hakunidanganya. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo inavyofanyika: karatasi inasainiwa, inaingia kwenye faili, inasubiri. Hakuna anayekwenda Mamlaka ya Mapato (TRA), kwa sababu gari halipo, na kuhamisha umiliki wa gari ambalo huenda halitaonekana tena kunahesabika kuwa gharama ya bure. Kwa hiyo siku ile kampuni ililipa kama mnunuzi, nami nikapokea kama muuzaji, lakini daftari la serikali halikuambiwa. Mali bila daftari huisha bila habari, wazee walisema. Hii yangu haikuisha.

Miezi kumi na moja baadaye simu ikaita kutoka mkoa mmoja wa Nyanda za Juu Kusini. "Mama, wewe ndiye mmiliki wa Noah iliyoibwa Dar? Tumeikamata." Nikamjibu afande kwamba nilishalipwa na bima. Akasema yeye anaona jina langu kwenye mfumo, kwa hiyo anayetakiwa kuja kulitambua ni mimi. Kampuni nayo ikaniomba nisafiri pamoja na mtu wao.

Nilifika nikaona gari la watu wengine. Rangi ilikuwa imebadilishwa kutoka fedha kuwa nyeusi, namba nyingine, vioo vipya. Kibati cha namba ya chesisi kilikuwa kimepigwa ribiti mpya zinazong'aa, na kile kibati ndicho watu wengi hukikagua kabla ya kununua. Nikafungua mlango wa kati, nikainama nyuma ya kiti cha dereva. Kitambaa cha kiti kilichanika mwaka 2020 mwanangu alipopita na bati la kuokea keki, na mama yangu akakishona kwa mkono, kwa uzi wa bluu, mishono mikubwa ya mtu ambaye macho yake yamechoka. Mishono ilikuwepo. Afande akapiga picha uzi ule. Baadaye fundi akapata pia namba iliyogongwa kwenye chuma cha bodi, ambayo wezi walijaribu kuisaga wakaishia katikati.

Kijana aliyekamatwa nalo alikuwa amelinunua kwa pesa zake. Alikuwa na karatasi ya mauziano, mashahidi wawili na muhuri wa serikali ya mtaa. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, haimsaidii: asiye na mali hawezi kumuuzia mtu haki ambayo yeye mwenyewe hana, hata kama mnunuzi ni mwaminifu na bei ni ya haki. Anachobaki nacho ni kumdai aliyemuuzia, na aliyemuuzia simu yake haipatikani. Nilimwona akikaa chini ukutani. Sikuwa na la kumwambia.

Sasa, Ndugu Kamishna, gari lile lilikuwa la nani?

Nimeuliza wanasheria wawili na mtu aliyefanya kazi ya ukadiriaji hasara kwa miaka mingi, na majibu yao yanakubaliana. Kila kitu kinategemea siku. Gari likipatikana kabla ya fidia kulipwa, bado ni la mteja. Madai ya wizi yanageuka kuwa madai ya uharibifu: kampuni inatengeneza kilichovunjwa au kulipia kilichong'olewa, kwa kadiri mkataba unavyosema. Likipatikana baada ya fidia kamili kulipwa na hati kusainiwa, ni mali ya kampuni, nayo inaweza kuliuza ili kufidia ilicholipa. Mteja hawezi kubaki na pesa na gari pia. Hilo ni la haki, na lina mizizi ya zamani. Mwaka 1883 mahakama ya Uingereza, katika kesi ya Castellain na Preston, iliamuru mtu aliyelipwa fidia ya nyumba iliyoungua, kisha akapokea na bei kamili kutoka kwa aliyekuwa amekubaliana naye kuinunua, arudishe ile fidia. Bima ni ya kurudishia hasara, haimtajirishi mtu. Sikubishana na kampuni hata siku moja. Niliwaambia: chukueni, ni lenu.

Ila kanuni hiyo ina upande wa pili, ambao mezani pale hausemwi. Kama mteja hatakiwi kupata faida juu ya hasara, je, kampuni? Mwaka 1945 meli ya kampuni ya Nisbet iligongana na meli ya kivita ya Kanada, ikazama. Kampuni ya bima ya Yorkshire ikalipa pauni 72,000. Madai dhidi ya serikali ya Kanada yakachukua miaka, na katikati yake, mwaka 1949, pauni ikashushwa thamani. Pesa zilipolipwa, kwa dola za Kanada, zikawa karibu pauni 127,000. Kampuni ya bima ikazitaka zote. Mwaka 1961 Jaji Diplock akaamua kwamba bima irudishiwe 72,000 iliyotoa, na kilichozidi ni cha mwenye meli.

Najua wanasheria watasema kesi ile ilihusu madai dhidi ya mgongaji, haikuhusu chombo chenyewe, na kwamba kampuni iliyokabidhiwa chombo inaweza kubaki na thamani yake yote. Ni kweli. Ndiyo maana kile ninachosaini siku ya malipo kina uzito kiasi hicho. Nikisaini kwamba nakabidhi gari lenyewe, nimetoa na ziada yake. Nikisaini kwamba kampuni inashika nafasi yangu kwenye madai tu, mambo ni mengine. Mimi nililipwa 13,200,000 kwa gari la milioni 19, na hakuna aliyenieleza tofauti hiyo kwa lugha ninayofundishia watoto. Hata swali dogo zaidi sikuulizwa: likipatikana, ungependa upewe nafasi ya kwanza ya kulinunua tena kwa bei ya mkadiriaji? Ningesema ndiyo. Ningelitengeneza polepole.

Wale ambao magari yao hupatikana kabla ya malipo nao wana taabu yao. Pick-up ya shemeji yangu ilionekana mpakani siku chache kabla ya hundi kutoka, ikiwa imesimamishwa juu ya matofali, bila injini, giaboksi, taa wala viti. Aliambiwa madai ya wizi yamekufa kwa kuwa gari lipo, aanze madai mapya. Nani analipa gari la kuvuta kutoka mpakani hadi Dar? Nani analilinda wakati limewekwa kituoni kama kielelezo, mvua na jua vikilimaliza, kesi ikiahirishwa? Mkataba wake haukuwa na hata neno moja kuhusu hayo. Na mwenye gari la mkopo ana mashaka zaidi: fidia inakwenda benki kwanza, isipotosha anaendelea kukatwa mshahara kwa gari ambalo si lake tena.

Narudi kwangu. Kesi ya wizi ilipoisha gari likaachiwa kwa kampuni. Kampuni ikaliuza kwenye mnada kama lilivyo, pamoja na kadi yangu na ile hati yenye upande mweupe. Aliyelinunua akarudisha namba za zamani, akalitengeneza, akaanza kulitumia. Hakuhamisha umiliki. Kuhamisha kuna kodi na kuna safari, na yeye alikuwa na kila alichohitaji: gari, funguo, kadi.

Kwanza zikaja jumbe za madeni ya maegesho, kutoka mitaa ambayo sijawahi kuegesha. Nikazipuuza, nikidhani ni makosa ya mfumo. Zikafuata faini za barabarani. Kisha, siku ya kazi saa nne asubuhi, nikiwa darasani, nikapigiwa simu kutoka kituo cha polisi. Noah yenye namba zangu ilikuwa imemgonga mwendesha bodaboda, dereva amekimbia, na majeruhi yuko hospitali na mguu umevunjika. Nikaambiwa nifike mara moja na gari langu.

Nilikwenda na nakala ya hati ya malipo mkononi. Afande aliisoma mara mbili. Akanionyesha taarifa za bima ya gari lile. Bima ilikuwa hai, bima ndogo, imekatwa miezi mitatu kabla, na jina la mwenye bima lilikuwa langu. Sikuwahi kuinunua. Wakala aliyeuza, popote alipo, alifanya kilicho rahisi: alifungua kadi, akanakili jina lililoandikwa.

Sheria yetu ya usajili wa magari inamchukulia aliyeandikwa kwenye daftari kuwa ndiye mwenye gari, hadi ithibitishwe vingine. Nikatakiwa kuthibitisha vingine. Ilinichukua wiki tano, ruhusa sita kutoka kwa mwalimu mkuu, na barua mbili kutoka kampuni ya bima kueleza kwamba gari waliliuza wao. Yule kijana wa bodaboda nilikwenda kumwona. Mke wake alinipokea kama mtu aliyemvunjia mume wake mguu, na kwa karatasi zilizokuwepo hakuwa na sababu ya kunipokea vingine.

Ndugu Kamishna, ninaloomba kwanza, na kwa msisitizo, ni hili: kampuni ya bima isiruhusiwe kulipa fidia ya gari lililoibwa bila umiliki kuhamishwa TRA siku hiyohiyo kwenda jina la kampuni. Kama kodi ya kuhamisha ndiyo kikwazo, mkae na TRA muone namna ya kuifanya nyepesi kwa gari ambalo halipo. Na kama kuhamisha hakuwezekani hadi gari lionekane, basi iwekwe alama kwenye daftari: limeibwa, fidia imelipwa na kampuni fulani, tarehe fulani. Mfumo wenu tayari unamwezesha mtu kuingiza namba ya gari akaona kama bima yake ni hai. Mfumo unaojua hayo unaweza kuambiwa pia kwamba gari hili lina madai ya wizi, asiuziwe mtu bima yake kwa jina la mteja aliyelipwa. Alama ileile ingewaokoa na wanunuzi kama yule kijana wa kusini, angalau kwenye gari ambalo namba zake hazijabadilishwa, na ingemwonyesha afande aliyelikamata nani wa kumpigia simu.

Hati ya kuhamisha umiliki yenye upande mweupe ipigwe marufuku. Hii haihitaji mfumo wala bajeti. Inahitaji waraka mmoja wenye saini yako. Karatasi ile inamfanya mteja kuwa muuzaji kwa mtu asiyemjua, kwa bei asiyoijua, siku asiyoijua, na yeye ndiye anayebaki akijibu.

Kampuni inapouza gari lililopatikana, iwe mnadani au kwa makubaliano, isitoe funguo kabla umiliki haujahamia kwa mnunuzi. Wauza magari wa kawaida wanaweza kusingizia kutojua. Kampuni yenye leseni yako haiwezi.

Na mkataba wa bima kubwa uwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaojibu maswali ambayo mtu aliyeibiwa huuliza: likipatikana kabla sijalipwa inakuwaje, likipatikana baada ya kulipwa inakuwaje, nani anagharimia kulivuta na kulitunza, nina nafasi ya kulinunua tena au sina, na kama limeuzwa kwa zaidi ya nilicholipwa ziada inakwenda wapi. Kampuni zikitaka ziada iwe yao, ziseme hivyo waziwazi kabla sijalipa ile 660,800, nami niamue. Nimesoma kwamba Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ndiyo iliyoweka ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na nimeshauriwa niende huko. Nitakwenda kama italazimu. Lakini msuluhishi ataamua baina yangu na kampuni moja. Hawezi kumzuia wakala mwingine kesho asinakili jina la mtu mwingine kutoka kadi nyingine.

Wasomaji wenzangu mtakaokutana na barua hii mkiwa kwenye foleni ya kulipwa: msisaini upande wenu kabla upande wa pili haujajazwa jina la kampuni na tarehe. Ombeni nakala ya kila karatasi, iliyogongwa muhuri. Mimi niliokolewa na nakala moja niliyoiweka ndani ya Kurani ya mama yangu kwa sababu tu nilikosa bahasha.

Wiki iliyopita nimeingiza namba za Noah ile kwenye simu. Kuna madeni matatu mapya ya maegesho, na mmiliki bado ni mimi.

Wako mtiifu,

Mwalimu na mteja wa bima,
Tabata, Dar es Salaam

Nakala: Kamishna Mkuu, Mamlaka ya Mapato Tanzania
Kamanda, Kikosi cha Usalama Barabarani
Msuluhishi wa Migogoro ya Bima